Kabla ya kuongeza injini, nyoosha reli: mashine ndogo ya mbao nyumbani

Huku Kibosho, kama ilivyo kwenye vihamba vingi, yaani mashamba ya nyumbani, vya mteremko wa Kilimanjaro, miti tunayopasua nyumbani haifanani na ile ya mashamba ya serikali kule West Kilimanjaro. Ni mgrevilea uliopandwa kuipa kahawa kivuli, mringaringa wa mpakani, mfuruanje uliozeeka, mara nyingine mkaratusi. Imekua ikijikunja, ina matawi ya chini, na mingi ina misumari ndani. Kwa miti hii mimi natumia mashine ndogo ya msumeno wa mkanda: gogo linalala kwenye kitanda, kichwa chenye injini kinatembea juu ya reli. Nimeirekebisha mara nyingi nikisaidiana na fundi wa kuchomelea, na karibu kila anayekuja kuiona huanza na swali lilelile: injini ina nguvu ya farasi wangapi?

Ni 13, ya petroli, na sina mpango wa kuibadilisha. Injini kubwa huharakisha kazi, haiwezi kunyoosha mbao. Ukiwa na fedha kidogo, zipeleke kwanza kwenye reli na misumeno.

Faida ya msumeno wa mkanda ni wembamba wake. Njia unayoacha kwenye gogo ni kama milimita 3, wakati msumeno wa mnyororo unaweza kula milimita 9. Chukua gogo lililochongwa hadi kubaki milimita 400, ulipasue mbao za milimita 25. Kwa njia ya milimita 3 unapata mbao 14. Kwa njia ya milimita 9 unapata 12, na zile mbili zimegeuka vumbi. Lakini hesabu hiyo ni ya mashine inayokata sawa. Ubao uliotoka na mawimbi seremala ataupiga randa mpaka faida yote iishie sakafuni kwake.

Sasa reli. Udongo wetu wa volkano unapendeza kwa migomba, ila masika ukilowa unatitia. Reli iliyokalia vipande vya magogo itakuwa sawa Februari na kupinda Mei. Mwaga vinguzo vifupi vya zege, kila kimoja kikiwa na boliti ndefu iliyosimama, na mguu wa reli ukae katikati ya nati mbili. Mguu ukishuka hung'oi kitu, unashika spana na kupandisha nati. Kwa kupimia, pima maji fupi haitoshi kwa urefu wa mita tano au sita. Tumia mpira wa maji kama mafundi wa ujenzi, pamoja na uzi uliovutwa kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Rudia kila mvua zikiisha, na kila gogo zito linapogonga kitanda wakati wa kulibingirisha.

Rekebisho jingine ninalolipenda sana ni jeki mbili za gari zilizochomelewa ndani ya kitanda. Gogo la kihambani ni nene shinani na jembamba kileleni. Ukilipasua likiwa limelala hivihivi, nyuzi za mti zinakatwa kwa mshazari na ubao unapinda ukikauka. Inua upande mwembamba mpaka kiini kiwe na kimo kimoja kutoka kitandani, pande zote mbili. Pima kutoka kwenye kiini, gome litakudanganya.

Mbao zenyewe zitakuambia mashine inaumwa wapi, mradi uzipime kwa kalipa au hata rula sehemu tatu. Kasoro ikijirudia mahali palepale kwenye kila ubao, nenda kwenye reli. Mawimbi yakihamahama, msumeno ni butu, umelegea, au meno yake hayakupanuliwa sawa pande zote. Msumeno ukipanda kila ukikutana na fundo, punguza mwendo na uukaze zaidi. Na unene wa katikati ya ubao ukitofautiana na wa ncha zake huku reli ziko sawa, kosa si la mashine: gogo lina mkazo ndani yake, linajikunja kadiri unavyolipunguza. Mkaratusi ndio hodari wa tabia hiyo, na mgrevilea unayo pia. Dawa yake ni kuligeuza. Toa mbao chache upande mmoja, ligeuze utoe upande wa pili, hivyohivyo mpaka ufike kiini, na gogo la mkaratusi lipasuliwe mapema baada ya kuangushwa kabla ncha hazijaanza kuchanika.

Kuhusu misumeno, uwe nayo kadhaa. Mmoja ukifanya kazi saa moja au mbili uvue, uuoshe, uupumzishe. Msumeno unaolazimishwa kukata ukiwa butu hupata nyufa kwenye mabonde ya meno, kisha hukatika ukiwa kwenye mwendo. Jioni legeza mkazo, usiuache umekazwa usiku kucha. Kwa kupoozea natundika dumu la lita 5 lenye koki ndogo, maji yaliyotiwa sabuni kidogo ya vyombo, yadondoke tu matone. Utomvu wa msindano (paini) ukiganda kwenye chuma, msumeno unapata joto na kuanza kutangatanga. Kunoa unaweza kujifunza mwenyewe, lakini hapa Moshi tuna bahati ya kuwa na Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, ambako ufundi wa misumeno ni somo kamili. Ukipata nafasi ya kujifunza kwa mtu aliyepita pale, usiiache.

Kabla gogo halijapanda kitandani, angalia ncha zake. Doa jeusi au la bluu linaloingia ndani mara nyingi ni msumari au seng'enge iliyomezwa na mti miaka mingi, kwa sababu chuma hubadilisha rangi ya maji ya mti. Shina la mpakani likate futi moja na nusu ya chini uiweke kwenye kuni. Na msumeno unapozunguka, asisimame mtu kwenye mstari wake, wala mkono usitolewe kuvuta banzi, kile kipande cha pembeni chenye gome. Barakoa uvae kila siku: vumbi la mfuruanje linapigisha chafya, la mgrevilea linawasha ngozi ya watu wengine vibaya.

Kuna mzee jirani aliniletea gogo akaniambia, "Mwanangu, huu mti niliupanda mwenyewe." Nikamjibu, "Ni kweli baba, ila twende kwanza kwa mtendaji." Mti wa kihambani kwako nao unahitaji kibali kupitia kijiji na afisa misitu wa wilaya, na mbao zikisafirishwa ziwe na hati yake. Mimi nasimamia jambo hili kwa moyo wote. Maji ya mifereji yetu yanatoka kwenye msitu wa juu, na mashine isiyouliza kibali ndiyo inayofungua mlango wa magogo kushushwa usiku. Nakala ya kibali ikae kwako kabla ya gogo kushushwa.

Katika miti yote, mgrevilea ndio unaonifurahisha zaidi. Ukipasua ubao unaoelekea kwenye kiini, usoni mwake hutokea mabaka yanayong'aa, yakibadilika kadiri unavyougeuza kwenye mwanga. Maseremala wawili watatu wa kule Majengo, Moshi mjini, huniulizia mbao hizo kabla ya kitu kingine, kwa milango ya makabati. Zitenge tangu zinapotoka kwenye msumeno, zisichanganywe na za kawaida.

Kukausha ndiko wengi wanakokosa subira. Panga mbao kivulini, juu ya ardhi, kwa vijiti vya inchi moja vilivyokauka, kila sentimita 60, na vijiti vya juu vikae sawasawa na vya chini. Paka ncha rangi iliyobaki. Weka mabanzi mazito juu ya rundo na uache upepo upite. Juni na Julai, mawingu yanapokaa mlimani, usitegemee zikauke haraka. Chukua kipande kimoja cha rundo, kiandike tarehe kwa chaki, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki uandike uzito. Ukiona uzito umesimama wiki kadhaa mfululizo, na si wakati wa mvua, mpigie seremala.