Honi ya boti inakoroma? Anza na waya

Ndugu, umeuliza kama ununue honi kubwa zaidi kwa sababu ile ya boti yako ya mita 5 siku hizi inakoroma tu. Usinunue bado. Mimi naishi Umoja, Nairobi, boti yangu iko Ziwa Naivasha, na kosa hilo nimeshalifanya: nilienda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, nikarudi na honi mpya ya volti 12, nikaifunga, ikakoroma vilevile.

Kumbe shida ni waya. Toa moto (umeme) moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye honi kwa vipande viwili vya waya. Ikilia vizuri, honi ni nzima. Kisha pima volti pale kwenye honi huku mwenzako amebonyeza swichi. Kwangu betri ilikuwa na 12.5, honi inapata 9. Nilipochomoa kiungio cha waya wa hasi, unga wa kijani ukanimwagikia kiganjani, na nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi hadi ndani ya plastiki, karibu urefu wa kidole. Hapo msasa hausaidii. Kata mpaka uione shaba inayong'aa, funga kiungio kipya, paka grisi. Na fundi wa magari akikwambia hasi ifungwe kwenye bodi, mkatalie: boti ya faiba haipitishi moto, waya lazima urudi hadi kwenye betri.

Chungulia pia mdomo wa honi, nyigu hupenda kujenga humo. Uinamishe kidogo maji yasituame.

Nasisitiza kwa sababu asubuhi moja ya ukungu boti ya wavuvi ilichomoza kwenye mafunjo, mita 20 hivi mbele yangu. Nikabonyeza, honi ikatoa pumzi tu. Nilipiga kelele huku narudisha mashine nyuma, tukapishana kwa kuponea chupuchupu.

Milio yenyewe ni ya kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia vyombo kugongana majini. Ziliandikiwa bahari, ila mimi nazifuata ziwani pia. Mlio mfupi wa sekunde 1: nakata kulia. Miwili: kushoto. Mitatu: mashine inarudi nyuma. Mitano au zaidi ya harakaharaka: sielewi unachofanya. Kwenye ukungu ukiwa unatembea, mlio mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6, usipitishe dakika 2 kabla ya kurudia.

Boti chini ya mita 12 hailazimiki kuwa na honi rasmi, lakini lazima iwe na kitu cha kutoa sauti inayosikika. Kwa hiyo mimi hubeba honi ya kopo la gesi, ambayo siiachi garini juani, na filimbi ya plastiki imefungwa kwenye jaketi la kuokolea.