Aliyekubali kutawazwa

Swali lenu la wiki linauliza: "Unyenyekevu wa Kikristo umeuona kwa nani, na alifanya nini?" Mimi nimeuona kwa marehemu mama mkwe wangu, katika miezi kumi na minne aliyolala nyumbani kwangu hapa Pasua, Moshi, akiwa hawezi kufanya kitu.

Mama alikuwa mtu wa Machame, na utumishi ulikuwa mwilini mwake. Kwenye msiba alifika wa kwanza, kisu chake cha kumenyea ndizi kikiwa kwenye fundo la khanga, akaondoka wa mwisho baada ya kusugua masufuria. Jumapili, ibada ikiisha na mnada wa sadaka za mazao ukianza pale nje ya kanisa, alinunua mkungu wa ndizi akamtuma kijana aupeleke kwa mjane fulani bila kutaja umetoka kwa nani. Ukimshukuru, alikuulizia habari za ng'ombe. Miaka kumi na tisa niliyokuwa mkwe wake sikuwahi kumwona ameketi huku mwingine akimpakulia chakula. Watu wote walimwita mnyenyekevu, nami nilimwita hivyo.

Kisha kiharusi kikampata, upande wote wa kulia. Muuguzi alituelekeza vizuri kabla mama hajaruhusiwa kutoka hospitali: tumgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, tumkaushe kwenye mikunjo yote, tumlishe akiwa ameketi wima asije akapaliwa. Hayo tuliyaweza. Lililotushinda ni kumgusa. Siku ya kwanza nilipoingia na beseni, alilishika shuka kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaling'ang'ania mpaka vidole vikatetemeka. Maneno yalimtoka kwa shida. "Usinitawaze, mwanangu." Sikumlaumu, mkwe kumwona mkwe wake uchi ni jambo zito. Niliweka beseni chini, tukalia wote wawili.

Ikawa hivyo kwa wiki kadhaa. Alilala kwenye majimaji kuliko kuniita. Nikagundua pia kwamba anakataa kunywa maji ili asije akanipa kazi. Midomo ilimkauka ikapasuka.

Wakati huo ndipo nilipoisoma Yohana 13 kama sijawahi kuisoma. Petro anasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," na Yesu anamjibu, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Siku zote nilikuwa nikimtazama Yesu na taulo lake, nikijiambia nifanye kama yeye. Safari hii nilimtazama Petro. Alikuwa anampenda Bwana wake, tena anamheshimu, na bado kukataa kwake kulitaka kumtoa nje. Na neno lenyewe, kutawadha! Jirani zetu Waislamu hutawadha kabla ya kuswali. Nyumbani mtoto akitoka chooni tunasema, mtawaze. Na mfalme akikalishwa kwenye kiti chake tunasema ametawazwa. Nimelifikiria neno hilo asubuhi nyingi, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya uvuguvugu.

Aliyemfungua mama hakuwa mchungaji wala mimi. Ni jirani yetu, Mpare wa Same, Msabato. Kwao kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, wana huduma ya unyenyekevu: wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, kila mtu anamtawadha mwenzake miguu kwenye beseni na kumfuta. Alikuja kumjulia hali mama, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamsimulia. Akasema, "Mama, kuinama nilizoea upesi. Lakini kuvua kiatu, mguu wangu huu wenye magaga ashikwe nao mtu ninayemheshimu, ndiko kulikonitesa." Mama hakujibu. Alimtazama muda mrefu.

Nafikiri makanisa yetu ya huku mlimani yametufundisha vizuri sana kutoa, na upande wa pili yameuacha. Tunajenga, tunachangia, tunahudumia wagonjwa. Hospitali yetu kubwa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iliasisiwa na taasisi iliyochukua jina la Msamaria Mwema, na kila mtu hapa anajua mfano huo. Lakini nani kati yetu amewahi kusikia hubiri la yule aliyelala barabarani? Ilimbidi akubali mafuta na divai ya mtu ambaye siku nyingine asingekula naye. Alipandishwa punda wa mwingine, akalipiwa dinari mbili, na hakuwa na chochote cha kurudisha. Mwaka 2013, Alhamisi Kuu, Papa Francis aliwaosha miguu vijana wafungwa kule Roma, miongoni mwao wasichana wawili. Dunia ilimsifu yeye, na ni haki. Mimi nawafikiria wale vijana, walivyoitoa miguu yao ikashikwa.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nawafahamu watu wazima, hasa wanaume, wanaoficha ugonjwa mpaka unawamaliza. Hawataki kuwa mzigo. Tunawasifu mazikoni kwamba hawakumsumbua mtu. Siku hizi sifa hiyo nikiisikia inaniuma, maana najua ndani yake kuna mtu aliyekaa na kiu.

Siku mbili baada ya jirani kuja, niliingia na beseni kama kawaida, nikijiandaa kumbembeleza. Mama aliliachia shuka. Alifumba macho, machozi yakamtiririka mpaka masikioni, lakini mkono aliuweka kando, umefunguka. Nilimtawaza kuanzia usoni hadi nyayoni. Nyayo zake zilikuwa ngumu kwa miaka ya kupanda na kushuka na majani ya ng'ombe, na sikuwahi kuzigusa.

Nilipomaliza alifumbua macho akanyoosha ule mkono wa kushoto. Nilidhani anataka maji, nikampa, akanywa kikombe chote. Akaunyoosha tena, kuelekea taulo. Nikamwekea kiganjani. Tangu asubuhi ile, kila nilipokuja na beseni, kushika taulo ilikuwa kazi yake. Nami sikulichukua mpaka anipe.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi