Kwetu tuliuita malaria

Mmeuliza wiki hii "kuna ugonjwa gani nyumbani kwenu hamuutaji mbele ya wageni, na mnauitaje?" nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanitizama. Kwetu tunauita malaria. Kaka yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, na kwa miaka 6 kila aliyeuliza aliambiwa "malaria ilimpanda kichwani akiwa chuo, sasa hajambo". Sisi watu wa Tanga, na Tanga mtu hakuulizi mara mbili, anakupa pole yake halafu anaenda kumalizia kuuliza kwa jirani.

Ilianza 2011, yuko mwaka wa pili. Karudi likizo kakonda, halali, usiku kucha anatembea uani. Siku moja nikakuta TV ya sebuleni kaifunika kanga ya mama, anasema yule mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili anamsema yeye. Na wala hakuwa anafoka, ndo kitu kilichonitisha, anaongea taratibu kabisa kama mtu anayekuelekeza njia. Mi nlikuwa form three, najiona mjanja, nikaivuta kanga nikawasha TV nimuonyeshe kwamba hamna kitu, na yule mtangazaji, nakwambieni haki ya Mungu, akasema "na sasa tuelekee Tanga". Kaka akaniangalia tu. Sikuwa na la kusema.

Wakubwa wakakaa kikao, jibu likatoka siku hiyo hiyo: kijicho. Yeye ndo wa kwanza ukoo mzima kufika chuo kikuu, sa kwa nini iwe yeye na si yule mtoto wa shangazi aliyeishia darasa la saba? Miaka baadae daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu mara nyingi unaanza kwenye hiyo miaka ya mwisho wa utoto na ishirini na kitu, hasa kwa wanaume, yaani umri ule ule ambao mtoto anamaliza form six, anaenda chuo, anapata ajira, anaanza kuonekana. Ndo maana kila nyumba inakwambia "karogwa alipoanza kufanikiwa". Mahesabu yao yanakubali kabisa, tatizo jibu.

Hospitali tulimpeleka lakini, tusionewe. Wakampa vidonge vya haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, na ile sindano ya mwezi, wakatwambia rudini baada ya wiki 4, basi, hakuna aliyekaa na sisi hata dakika tano. Siku ya tatu tuko kwenye chai shingo yake ikaanza kwenda pembeni, yenyewe, taratibu, mpaka kidevu kikagusa bega, macho yamegeukia juu, ulimi mzito, mkononi bado kashika kipande cha mkate. Mama akapiga yowe. Baba mkubwa akasema jini hilo, limekataa dawa za hospitali, na kwa kweli kama na wewe ungekuwepo pale ungesema jini.

Haikuwa jini. Ni ile dawa, huwa inakaza misuli kwa baadhi ya watu, vijana wa kiume hasa, siku za mwanzo mwanzo, na inatibika, kuna sindano na kuna kidonge wanachokiita Artane, mtu analegea muda si mrefu. Sentensi moja tu ya kutwambia mapema! Badala yake tukamtoa hospitali tukampeleka kwa mganga, basi na pikipiki, siku nzima njiani, na kaka hakutaka kupanda basi kwa hiyo tukamfunga. Kamba ya katani, si mnajua tena Tanga. Mi nlishika miguu. Hapo huwa sisimulii watu, leo nimeandika kwa sababu jina langu hamlitoi.

Na sa sikilizeni utamu wake: kwa mganga akatulia. Wiki tatu, nne, anakula, analala, anacheka na watoto wa pale. Mganga akasifiwa mno, mbuzi wawili na hela ambayo baba alikuwa kaiweka ya bati. Hakuna aliyekumbuka kwamba kabla ya safari alichomwa sindano inayokaa mwilini wiki kwa wiki. Ilipoisha nguvu, baada ya miezi mitatu hivi, kanga ikarudi kwenye TV. Tukaambiwa masharti tumevunja.

Mirembe ilitajwa mara moja tu, mama mdogo aliitaja, baba akaondoka mezani. Hospitali ya watu iko pale Dodoma tangu enzi za mkoloni inatibu wagonjwa wa akili, lakini kwenye midomo yetu imekuwa tusi, mtu akikosea kupanga foleni anaambiwa huyu katoka Mirembe. Zanzibar nao wana Kidongo Chekundu, Kenya Mathari, huko kote mtu hatajiwi hospitali, anatukanwa.

Mwaka 2017 ndo tukapata kliniki nyingine na nesi mmoja wa makamo, mpole ila hana mchezo. Akamwamkia mama shikamoo, akavuta kiti, akamuuliza kaka mwenyewe, sio sisi, "sauti ziko ngapi?" Kaka akasema tatu. Miaka 6 tunaishi nae na hakuna aliyewahi kumuuliza idadi! Yule nesi akatuandikia jina la ugonjwa kwenye daftari la kliniki kwa herufi kubwa, akatueleza dawa ikiachwa mtu haanguki siku hiyo hiyo, inaweza kupita wiki au miezi yuko sawa, na ndo wakati familia inajidanganya kapona.

Sasa hivi dawa kahamishiwa nyingine, shingo haikazi ila kanenepa na njaa haimuishi, anaweza kumaliza sufuria ya wali saa nne usiku. Kliniki dawa zikiisha tunaenda kununua duka la dawa, na kuna miezi hela haipo, hapo ndo nyumba nzima tunalala jicho moja. Anatengeneza baiskeli kibarazani. Sauti imebaki moja, anasema haina neno, inatangaza mpira.

Mwezi uliopita mgeni alimuuliza ile malaria yake vipi, kaka akajibu "si malaria mzee wangu, mimi nina skizofrenia, wewe una nini?" Mzee wa watu akababaika, akasema presha. Wakaanza kulinganisha vidonge, vina rangi zinazofanana.

Mama alikuwa jikoni, kasikia yote. Jioni akapigiwa simu na ndugu zake wa Korogwe, nikamsikia anasema hajambo, hajambo kabisa, unajua tena ile malaria.