Maghala yamepotelea wapi? Lebo kwenye ramani ya nchi ya kubuni

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tuko vijana watano hapa Lindi, tunachora pamoja mtandaoni ramani ya nchi tuliyoibuni wenyewe, Namkuru. Ina mikoa, bandari, minada ya korosho, hata lugha yake. Maghala tumechora kama ishirini, lakini nikiyatafuta yanakuja sita tu. Minada haionekani kabisa. Je, tutunge lebo zetu zote kwa Kiswahili?

JIBU: Salama. Maghala yapo. Lebo ni yale maneno yanayoiambia kompyuta kitu ulichochora ni nini. Katika mifano uliyonitumia, mmoja wenu kaandika building=warehouse, wa pili building=ghala, wa tatu Building=Warehouse. Kwetu sisi ghala ni ghala. Kwa kompyuta hayo ni mambo matatu tofauti, maana hata herufi kubwa na ndogo inazitenganisha.

Kutunga lebo zote upya, hapana. Mfumo wa lebo mnaotumia ni uleule wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, na programu inayochora picha inatambua orodha yake ya lebo tu. Nyingine zinahifadhiwa bila kuchorwa. Ndiyo maana mnada=korosho hauonekani. Mpeni mnada lebo ya soko, amenity=marketplace, kisha pembeni muongeze ya kwenu: namkuru:mnada=korosho. Hicho kiambishi cha jina la nchi na nukta mbili kinamwambia yeyote kwamba lebo hii ni ya nyumbani, asiitafute kwingine. Herufi ndogo tupu, na penye nafasi muweke mstari wa chini.

Msije mkaita mnada hoteli ili tu upate alama nzuri kwenye picha. Nimeona watu wakifanya hivyo, na baadaye hakuna anayejua kipi ni kipi.

Barabara ndizo zitakazowagombanisha. Lebo ya highway inasema umuhimu wa barabara. Lami au vumbi inasemwa na surface. Waliosafiri kusini zamani wanakikumbuka kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60 za tope wakati wa masika. Basi linakwama, abiria wanashuka kusukuma, na bado ile ndiyo ilikuwa barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara. Kwa hiyo ya Namkuru nayo iandikeni highway=trunk (barabara kuu) na surface=unpaved (isiyo na lami), wala msiishushe cheo kwa sababu ya vumbi.

Mipaka ni rahisi: admin_level=2 kwa nchi, 4 kwa mkoa.

Lugha yenu haina msimbo, lakini viwango vya ISO 639, vya kimataifa vya misimbo ya lugha, vimetenga qaa hadi qtz kwa matumizi binafsi. Chukueni qaa: name:qaa kwa jina la Kinamkuru, name:sw kwa la Kiswahili.

Makubaliano yote yaandikeni kwenye ukurasa mmoja, kila lebo na mfano wake. Na kama bado hamjahakikisha mnachora wapi, hakikisheni: OpenStreetMap yenyewe ni ya dunia halisi, nchi ya kubuni itafutwa. OpenGeofiction, tovuti ya ramani za nchi za kubuni, ndiko kwenu.

Maghala sasa. Mtu mmoja ayapakue yote kwa JOSM, programu ya kuhariri ramani, atafute kila namna yalivyoandikwa, ayabadilishe kwa mkupuo mmoja na kuyapandisha. Wengine wanne msiguse eneo hilo mpaka amalize, la sivyo mtaharibiana kazi.