Kijana hataki kuswali nami kwa sababu ya siasa

Ndugu yangu wa Ngamiani, Tanga, waalaykum salaam. Umesema kijana wako haandamani nawe tena msikitini Ijumaa tangu mlipozozana juu ya chama, na ukamwambia "anayepinga wazee hana dini".

Neno hilo lifute kwanza, tena mbele ya mama yake, maana alilisikia. Kijana hakukataa swala, alikataa kuambiwa kwamba kura yake ndiyo imani yake. Vyama vingi vilirudi Tanzania 1992, yeye hakuikuta enzi ya chama kimoja, basi usimdai uzito unaouona wewe. Hata Katiba ya 1977, ibara ya 20, haikubali kisajiliwe chama chenye nia ya kukuza maslahi ya dini fulani. Mimi naona ni busara kubwa. Nina wana, na nisingependa wapimwe ucha Mungu kwa rangi ya fulana waliyovaa wakati wa kampeni.

Usimwite sebuleni kama shauri la baraza. Jioni shukeni wote ufukweni Raskazone, nunueni mihogo ya kuchoma, ile ya pilipili na ndimu, mle mkitazama ngalawa zikirudi. Muulize kazi, muulize bei ya samaki. Siasa akianza yeye, msikilize mpaka amalize. Usimkatize hata akikosea.

Msikiti usimtajie wiki hii. Ijumaa ijayo mwambie tu, "Mwanangu, natoka saa sita, ukitaka twende."