Kontena zimefutwa usiku, kijana anakana: nisome nini kwenye logi?

Swali: Natunza mfumo wa kompyuta wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya korosho hapa Masasi, Mtwara. Uko Azure, huduma ya kompyuta za mtandaoni ya Microsoft, kwenye kontena tatu (vifurushi vya programu) zinazopokea kilo za wakulima kutoka ghalani. Juzi asubuhi tulikuta zote zimefutwa. Logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mfumo, inasema 23:12:40Z, kwa akaunti ya kijana wetu. Anakana, anasema saa tano usiku alikuwa msibani, na mashahidi wapo. Nimwamini?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Msimu wa korosho si wa kukaa bila mfumo. Lakini kabla ya kumhoji tena, rekebisha saa. Hiyo Z mwishoni ni muda wa UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko mbele kwa saa 3. Kontena zilifutwa saa nane na dakika 12 usiku. Mashahidi wa saa tano hawamsaidii wala hawamwangushi. Nimeshaona mtu akisimamishwa kazi kwa kosa hilihili la kusoma saa, na bado linaniuma.

Sasa fungua logi ya shughuli, utafute amri ya kufuta kontena, Microsoft.ContainerInstance/containerGroups/delete, iliyokamilika. Jina lililo kwenye caller (aliyetoa amri) ni la akaunti, halithibitishi ni nani alishika kompyuta. Likiwa barua pepe, aliyeingia alitumia akaunti ya mtu. Likiwa msururu wa herufi na namba, mara nyingi ni programu, labda skripti (amri zinazojiendesha zenyewe) yenu wenyewe. Linganisha anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) na ile anayoitumia kijana siku zote, kisha tazama logi za kuingia kwenye Entra, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti. Hapo fanya haraka: bila leseni ya kulipia hukaa siku 7 tu, wakati logi ya shughuli hukaa 90.

Rudi nyuma saa chache kabla ya ufutaji. Ukikuta Microsoft.Authorization/roleAssignments/write, kuna aliyepewa mamlaka mapya. Ukikuta locks/delete, kuna aliyeondoa kufuli (kizuizi cha ulinzi) kwanza, na hilo halitokei kwa kuteleza kidole. Kontena tatu kuondoka ndani ya sekunde mbili tatu kunanielekeza kwenye skripti zaidi ya mkono.

Logi za ndani ya kontena zimekwenda nazo, isipokuwa kama mlikuwa mkizituma Log Analytics, huduma ya Azure ya kuhifadhi logi. Mkizirudisha kontena, wekeni kufuli la CanNotDelete (linalozuia kufuta) na tahadhari ya barua pepe kwa kila ufutaji, iende kwa watu wawili. Badilisheni nywila ya kijana leo hii, hata kama hana kosa.