Wateja wa maduka ya serikali ya Kisovieti walilalamika

Si kweli kwamba mteja wa duka la serikali ya Kisovieti katika miaka ya 1920 hakuwa na pa kupeleka malalamiko. GUM, duka kuu la serikali lililoanzishwa Moscow mwaka 1921 mkabala na Kremlin, ngome yenye makao ya serikali, lilipokea malalamiko ya maandishi kuhusu wauzaji wenye kauli mbaya au wanaowapuuza wateja, na wauzaji nao walijibu kwa maandishi. Wanahistoria wamezisoma karatasi hizo katika hifadhi za nyaraka. Linalosahauliwa, na kwa maoni yangu ni kutomtendea haki, ni hali ya muuzaji mwenyewe: kabla ya 1917 alifanya kazi kwa saa nyingi chini ya tajiri mwenye duka, mara nyingi akilala katika bweni la tajiri huyo huyo, kisha mapinduzi ya kikomunisti ya mwaka huo yakamwambia kwamba yeye ni mfanyakazi mwenye heshima, huku yakimwacha akabiliane na foleni ndefu na rafu tupu ambazo hakuzisababisha. Hata hivyo, lalamiko lingeweza kumfikisha muuzaji kwenye adhabu, lakini halikuongeza bidhaa: mijini, mkate ulitolewa kwa kadi za mgao kuanzia 1929 hadi mwanzoni mwa 1935.